Kompyuta Moja, Mifumo Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa. Tena kwenye ngazi, nikiwa na ndoo mkononi.

Bwana Vioo, jirani yetu wa ghorofa ya juu, fundi wa vioo vya madirisha na mtu asiyeweza kunipita bila kutia neno, amenisimamisha kunieleza kwamba kompyuta yake sasa ina mifumo endeshi miwili, yaani zile programu kuu zinazoiendesha. Miwili! Akitaka huu, anawasha huu. Akiuchoka, anahamia ule. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama yangu bado ina mmoja. Nikamwambia nimo mbioni. Akacheka kwa pua. Akasema si kazi ya kila mtu hiyo, inataka kichwa.

Kichwa! Mimi ni karani wa ramani katika ofisi ya ardhi. Kazi yangu ni kugawa. Nimegawa mabonde, nimegawa vilima, nimegawa uwanja wa mpira huku watu wakiuchezea. Diski ya kompyuta itanishinda kwa lipi? Ni kiwanja tu, kimelala kimya ndani ya sanduku. Hakina hata jirani wa kugombania mpaka.

Uamuzi: mifumo mitatu. Yeye miwili, mimi mitatu. Hapo ndipo tutajua nani ana kichwa.

Kikwazo ni kimoja. Kompyuta ni ya mke wangu. Anachora humo nakshi za nguo, kisha mashine yake ya kutarizi inazifuata mshono kwa mshono. Na wiki hii ana kazi ya bibi harusi: gauni, shela na nguo za wapambe, vyote vitoke Jumamosi asubuhi. Mama wa bibi harusi ndiye mwenye lile jengo la maduka karibu na kituo cha mafuta. Amemwahidi mke wangu kwamba kazi ikimpendeza, chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, atampa yeye. Mke wangu anashonea sebuleni tangu tuoane. Mgeni akija, mashine inahamia chumbani. Mgeni akiondoka, inarudi. Kile chumba anakitaka mpaka anakiota. Nimemsikia usingizini akipanga rafu.

Basi nitamfanyia kimyakimya. Iwe zawadi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemchokonoa kwa mbali wakati wa chai. Nikamuuliza angejisikiaje kama kompyuta yake ingekuwa ya kisasa zaidi, yenye uwezo mara tatu. Akaweka kikombe chini. Akasema mpaka Jumamosi ipite hataki mtu aiguse kompyuta, hata kwa kitambaa cha vumbi. Akanikumbusha pasi.

Sioni sababu ya kuirudia habari ya pasi. Ilikuwa na moto wa aina tatu, nikaitengeneza, ikabaki na mmoja. Mkali. Ni uamuzi wa pasi yenyewe.

Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia binti yake kupinda marinda, akakohoa. Mama hajawahi kusema neno baya juu yangu, ana adabu zake. Anakohoa tu. Nimeanza kuvitambua vikohozi vyake. Kipo cha pasi, kipo cha bomba la jikoni, kipo cha jumla.

Ofisini nimesoma asubuhi nzima. Bosi akipita, nafungua ramani. Sasa ninazo flashi mbili. Moja ina mfumo wa bure unaosifiwa na wanafunzi wa dunia nzima. Ya pili nimepewa na fundi simu wa kona, ina mfumo mwepesi ajabu. Anadai unawaka kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Fundi akaniuliza kama nimeshanakili mafaili yetu mahali pengine, maana lolote laweza kutokea. Nikamwambia bila shaka. Sijanakili. Ushauri wa namna hiyo ni wa watu wanaotarajia kushindwa.

Nimechora mpango kwenye karatasi ya ramani, kwa kipimo. Mfumo wa zamani mashariki. Wa bure katikati. Mwepesi magharibi. Kati ya mmoja na mwingine nimeacha hifadhi ya barabara, kwa sababu nimeona kwa macho yangu watu wanavyokosa pa kupita kwa ujinga wa karani. Humu hakuna atakayebanana na mwenzake.

Mchoro ni mzuri mno. Nimeutia sahihi.

Jumatano, 5 Machi

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu. Ofisini nimeaga kwamba tumbo linanisumbua. Mke wangu na mama yake wametoka baada ya chai kwenda kuwapima wapambe nguo. Nyumba ikabaki mikononi mwangu, kimya, na harufu ya kitambaa kipya.

Nimechomeka flashi ya kwanza. Skrini ikawa nyeusi, kisha zambarau, kisha ikaniletea picha ya diski yote, imegawanywa vipande kama ramani ya kitongoji. Nilitaka kucheka. Huku ndiko nyumbani! Kipande cha kwanza kilikuwa mfumo wa zamani wa mke wangu. Nimeupunguza kidogo upande mmoja, ulikuwa na uwanja mkubwa usio na kazi. Nafasi iliyopatikana nikaupa mfumo wa bure. Ukaingia vizuri kabisa, ukanikaribisha kwa lugha saba.

Ikabaki ardhi ya mfumo wa tatu. Hapo mtu mwingine angekwama. Mimi nikaona kwamba mwisho wa diski kuna kipande kikubwa, kizuri, kimeandikwa tu: *haijulikani*. Hakina jina. Hakina maelezo. Mfumo wenyewe haujui kuna nini ndani.

Sasa kwetu ofisini jambo hili lina jibu. Kiwanja kisichojulikana kwenye ramani ni kiwanja kitupu. Mwenye nacho angekuja kukiandikisha. Hajaja? Basi kinagawiwa. Nimefanya hivyo miaka na miaka, na waliolalamika hawafiki hata kumi kwa mwaka.

Nikakigawa. Likatokea onyo refu jekundu, la aya tatu. Sikulisoma. Ofisini pia tunayabandika ya namna hiyo ukutani.

Flashi ya pili ikafuata, na sasa, ukiwasha kompyuta, inatokea orodha ya mistari mitatu, inangoja kwa heshima uchague. Mitatu! Nimeipa majina: Mtaa wa Kwanza, Mtaa wa Pili, Mtaa wa Tatu. Nimeipiga picha na kumtumia Bwana Vioo. Amejibu kwa kidole gumba peke yake, bila neno. Wivu mtupu.

Mke wangu amerudi amechoka, miguu imemvimba. Ameonja chai, akaniambia nakshi zote ziko tayari tangu Jumapili, kesho asubuhi mashine inaanza kutarizi na Ijumaa jioni atakuwa amemaliza. Anasema hajawahi kuchora maua mazuri kama yale. Nikamwangalia nikajisikia raha. Hajui kesho ataiwasha kompyuta ya aina gani.

Alhamisi, 6 Machi

Kumetokea hitilafu ndogo.

Ameiwasha. Mistari mitatu ikatokea. Akauliza hawa ni wageni gani. Nikasimama nyuma ya kiti, nikamweleza kwa kujiamini, hata mkono wangu ukawa unaelekeza kama wa mkuu wa idara. Akachagua Mtaa wa Kwanza. Ukafunguka, naomba hilo likumbukwe. Programu yake ya nakshi ikafunguka pia. Nakshi ndizo hazikuwapo.

Akauliza sehemu yake yenye kufuli iko wapi.

Nikauliza kufuli gani.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza daktari panapouma. Baada ya ile pasi, alizihamishia nakshi zake zote kwenye sehemu yao peke yao, mwisho wa diski, akaifunga kwa nenosiri ili mkono wowote usiingie. Hakusema mkono wa nani. Sehemu iliyofungwa haisomeki na mgeni. Mfumo mwingine ukiitazama hauoni faili hata moja. Unaandika tu kwamba haijulikani.

Ina maana alichokizungushia ukuta ili nisikiguse ndicho nilichokigawa, na nimekigawa kwa sababu ya huo ukuta! Kwa haki kabisa, kosa hapa ni nusu kwa nusu. Nilikuwa na akili ya kutosha kutolisema hilo. Nikasema kompyuta bado inajipanga, aipe muda hadi mchana. Akatazama saa. Mama mkwe hakukohoa. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Nikatoka mbio kwa fundi simu. Akachomeka vitu vyake, akatazama, akachomoa. Akasema kama pale pangekuwa pamefutwa tu, angehangaika. Lakini mfumo wa tatu umeshaandikwa juu yake, na kufuli nalo limevunjika vipande. Akaniuliza kwani ile nakala niliyosema nimeweka iko wapi. Nikamwambia nina haraka.

Ikabaki kumeza aibu. Nikapanda ngazi kwa Bwana Vioo. Mtu wa mifumo miwili lazima amekutana na balaa kama hili, nikajiambia. Nikamwomba anionyeshe alivyofanya ya kwake. Akafurahi, akaniketisha, akaiwasha. Ikatokea picha ya mlima na jina lake. Akabonyeza. Ikatokea picha ya maua na jina la mkewe. Akanigeukia, meno yote nje: huu mfumo wangu, huu wa mama.

Nikamuuliza kama ndio basi. Akauliza kwani kuna nini kingine.

Mfumo mmoja! Mmoja, wenye milango miwili ya kuingilia! Nimechafua nyumba yangu kwa ajili ya picha ya mlima! Lakini niwe mkweli, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Katika jengo lote hili, mwenye mifumo zaidi ya mmoja ni mimi peke yangu. Furaha hiyo ilinichukua hadi mlangoni kwetu.

Nimemwambia. Nilitegemea kelele, nilishaandaa na majibu. Hakupiga kelele. Akakaa sakafuni katikati ya vile vitambaa vyeupe, mgongo kwenye mguu wa mashine, akasema, "Kile chumba." Basi. Akakunja kipande cha shela magotini, akakikunjua, akakikunja tena.

Niliona vibaya. Niliona vibaya sana. Leo sitaandika zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe ameamka, amefunga kanga kiunoni, amekaa mbele ya gauni na kuagiza aletewe sindano. Akasema yeye alitarizi kabla mashine hazijajua kusoma. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyowahi kuitoa mbele yangu, na alikuwa anaiambia sindano.

Muda wa kuzichora nakshi upya haupo, na imebaki sampuli moja tu ya yale maua. Ni kipande cha mkono wa gauni ambacho mke wangu alikijaribu kwenye mashine Jumapili. Wamekibandika ukutani, wanakifuata kwa macho. Shemeji yangu, dada yake mke wangu, naye ameitwa; ameingia, ameniangalia kuanzia viatu hadi nywele, na kwenda kunawa mikono. Wapambe watavaa bila nakshi. Nguvu zote ni kwenye gauni na shela.

Mimi nimepewa kazi ya kutia uzi kwenye sindano. Mara moja nikaona udhaifu wa utaratibu wao. Kila uzi ukiisha, mtu anangoja. Kwa nini nisitie sindano nyingi kwenye uzi mmoja mrefu, halafu kila mmoja achukue yake na kukata anapofika? Nimeandaa kumi na mbili. Ilikuwa kazi safi sana hadi shemeji alipovuta ya kwanza. Limetokea fundo la ukubwa wa kitunguu. Mama amekohoa kikohozi nisichokifahamu. Kipya.

Nimehamishiwa kwenye chai. Baadaye nimehamishiwa dirishani, kuinua shela wapate mwanga. Nimesimama pale mchana kutwa, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa. Watu barabarani wanapita wananitazama. Bwana Vioo amepita, amenipungia. Sikuwa na mkono wa kumjibu.

Nikiwa pale nimeviona vidole vya mke wangu. Alijichoma, damu ikatoka, akaurusha mkono mbali na kitambaa haraka haraka, akaweka kidole mdomoni, akaendelea na ule mwingine. Halafu akajichoma tena. Nikamwambia mke wangu nisamehe, nimekuponza. Akanijibu bila kuinua macho kwamba shela inalegea upande wa kushoto.

Nikaikaza.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja mwenyewe, mama wa bibi harusi, miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Mke wangu amefungua gauni mezani. Yule mama akaligeuza, akaangalia upande wa ndani, maana wanaojua kazi huanzia huko. Akasogea dirishani nalo. Akaligeuzageuza hadi mimi nikaanza kufikiria tutahamia wapi.

Akauliza ni mashine gani iliyofanya hivi. Mke wangu akasema hakuna mashine. Akasema nakshi za mashine ziliharibika, wametarizi kwa mikono, yeye na dada yake na mama yake, na kwamba anaomba radhi maua hayalingani na wapambe hawakufikiwa.

Yule mama akapitisha kidole juu ya maua. Akasema kwa miaka mingi hajaona ua la kushonwa linalotofautiana na mwenzake kama yanavyotofautiana bustanini. Akamwita binti yake kutoka kwenye gari aje aone, na binti akaja, akalia, wakalia wanawake wote watano. Hata shemeji, ambaye sikujua ana machozi. Na pale pale, kutoka kwenye mkoba, yule mama akatoa ufunguo wa chumba cha mbele.

Niliona wakati umefika wa kueleza mambo kwa ukamilifu. Nikasogea, nikamweleza kwamba uamuzi wa kuachana na mashine ulitoka ndani ya familia, kwamba si kila mtu angethubutu kuuchukua wiki ya harusi, na kwamba nyuma ya kazi hii kulikuwa na mipango ya kitaalamu. Akanipa mkono. Akasema mke wangu ana bahati. Mama mkwe alikohoa mpaka akaletewa maji.

Walipoondoka nikamtazama mke wangu. Vidole amevifunga vitambaa, hawezi kushika hata kikombe. Nikamshikia mimi, akanywa. Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akasema ana duka. Alirudia mara nyingi. Nikalia na mimi, siandiki kwa aibu.

Kisha akanitazama usoni, akaniomba kitu kimoja tu katika maisha yetu yote yaliyobaki: nisiiguse kompyuta yake tena. Niape. Nimeapa, mkono wa kulia, mbele ya mama yake. Na nimeapa kwa moyo wote.

Jumanne, 11 Machi

Nipo dukani. Duka la mke wangu! Rafu zimekaa, kioo cha dirisha kimesafishwa na Bwana Vioo bila malipo, naona anajaribu kurudisha heshima. Kesho asubuhi linafunguliwa. Maagizo yameshaingia hata kabla ya mlango kufunguliwa: sare za kwaya nzima, za kutariziwa. Vidole vya mke wangu havijapona, kwa hiyo amesema kazi hii ya kwanza itabebwa na mashine. Amechora nakshi mpya, amezitia moja kwa moja kwenye mashine, na mashine sasa imewekwa katikati ya chumba ili wapita njia waione ikifanya kazi. Yeye na mama wameenda kununua uzi. Wameniachia kazi ya kupangusa vumbi.

Kiapo nimekishika. Kompyuta ipo pale kwenye kona, sijaigusa, sijaiegemea, hata kuitazama naitazama kwa kuibia.

Katika kupangusa mashine ya kutarizi, nimegundua jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba ile amewahi kuligundua. Ina kiskrini. Kidogo, pembeni, chini ya gurudumu la uzi. Ukikigusa, kinafunguka. Na ndani yake kuna nini? Mfumo! Mfumo endeshi kamili, na wa kizamani mno, watu wa ofisini wangeuonea huruma. Nimesoma kwenye simu kwamba upo mpya, unatarizi kwa kasi maradufu, na rangi zake hujichagua zenyewe. Nimeupakua kwa simu, nikautia kwenye flashi iliyokuwa mfukoni.

Nimejiuliza swali la kiapo kwa uaminifu, nikiwa nimesimama. Niliapa juu ya kompyuta. Hii ni cherehani.

Nimechomeka. Imeitikia mara moja, inawaka taa ya kijani, chombo chenye adabu kabisa. Mke wangu bado hajarudi, kutoka huko hadi hapa ni mwendo wa kutosha. Kesho ataikuta ina mifumo miwili, na wapita njia watajazana dirishani. Atafurahi sana.

Kiskrini kinaniuliza kama nina uhakika.

Swali gani hilo! Lini nimewahi kukosa uhakika?